Mtoto wa Mwanza Asikimbilie Nje

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, Mwanza huingia msimu wa mawakala. Mabango yao huchipuka kando ya Barabara ya Kenyatta na ya Nyerere: soma India, soma China, soma Malaysia, soma Uturuki, soma Cyprus. Kumbi za hoteli hukodiwa, wazazi hualikwa, vijana hugawiwa fomu na kalamu. Yanayosemwa humo yanajulikana. Mtoto akisoma nje anafunguka macho. Anajiamini. Anarudi mtu mwingine. Ajira zinamfuata mwenyewe.

Laiti maneno hayo yangebaki kwa mawakala, nisingeshika kalamu, maana wakala anauza na muuzaji husifia bidhaa yake. Lakini yanasemwa makanisani na misikitini, kwenye vikao vya ukoo, na hata na wahadhiri wenzangu wanaokula mshahara wa vyuo vya hapa. Imekuwa imani. Mzazi wa Misungwi anauza ng'ombe na shamba la mpunga kwa sababu ameaminishwa kwamba mwanawe akivuka bahari tu, jambo kubwa litamtokea.

Ninaipinga imani hiyo. Sina ugomvi na safari wala na vyuo vya watu. Ninachokataa ni dai kwamba nje, kwa kuwa tu ni nje, kunampa mwanafunzi kitu. Ukiwafuatilia watu wa ukanda huu wa Ziwa Victoria waliofaidika kweli na masomo ya ng'ambo, utakuta kila mmoja aliondoka akiwa na kazi ya nyumbani aliyokwisha kuianza, akaenda kutafuta zana alizozikosa hapa. Ile kazi ndiyo iliyozaa. Chuo cha nje kiliisaidia.

Anayetajwa kwanza siku zote ni Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama. "Mbona Nyerere alisoma Edinburgh?" Ndiyo, alisoma, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Wanaomtaja huacha kusema kwamba alipokwenda alikuwa na umri wa miaka 27, ameshahitimu Makerere, ameshafundisha St. Mary's Tabora, na ameshaonja siasa ndani ya chama cha TAA. Alipokaa mbele ya vitabu vya falsafa na historia vya Waskoti alikuwa na nchi nzima kichwani ya kuipimia kila alichosoma. Alirudi, akafundisha Pugu, na Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa. Sasa mchukue kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kufundisha, kulima kwa kujitegemea, kuajiriwa wala kuongoza hata kikundi cha vijana kumi, umwambie anakwenda kufuata nyayo za Mwalimu. Unamdanganya.

Asiyetajwa ni Paul Bomani, na kwetu sisi wa Mwanza ndiye angetakiwa kutajwa kabla ya wote. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili alikuwa akifanya kazi ya ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini hapa. Kule vijijini Usukuma wakulima wa pamba walikuwa na malalamiko yasiyokwisha: mizani ya wanunuzi, bei wasiyoijadili, pamba daraja la kwanza ikiandikwa daraja la pili. Bomani alizunguka kwao, akasaidia kuviunganisha vyama vya wakulima kimoja baada ya kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa na harakati hizo mkononi, akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Hakwenda kuchukua shahada. Hakukaa hata miaka miwili. Baada ya kurudi, kufikia mwaka 1955 vyama vile vilikuwa chini ya paa moja la Victoria Federation of Co-operative Unions, yeye akiwa kiongozi wake, na muungano huo ukaja kununua pamba ya wanachama, kumiliki vinu vyake vya kuchambulia na kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani.

Mfikirie Bomani akiwa darasani kule. Mwalimu anaeleza jinsi ya kukagua hesabu za chama cha ushirika. Mwenzake aliyeketi kando anaandika kwa ajili ya mtihani. Bomani anaandika kwa sababu anamjua karani fulani kijijini ambaye daftari lake halilingani na magunia yaliyopo ghalani, na wakulima wanamsubiri arudi awaambie wafanye nini. Watu hao wawili wamelipa ada ileile na kumsikiliza mwalimu yuleyule. Anayefikiri wamepata elimu moja hajawahi kufundisha.

Ng'ambo ya pili ya ziwa hilihili yuko Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa kisiwa cha Rusinga. Alikwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 na kukaa mwaka mmoja. Wakati huo alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya. Mambo yaleyale.

Na Ukerewe je? Kisiwa kile kimetoa waandishi kuliko mikoa mizima, na hapo imani ya mawakala inaumbuka vibaya. Aniceti Kitereza alisoma seminari ya Rubya, akarudi kisiwani, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amekamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuwa na shahada ya nje wala ya ndani. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na wasomi wa Ulaya na Marekani ndio waliokuja kuifuata. Mkerewe mwenzake Gabriel Ruhumbika, aliyepata udaktari wake Paris, ndiye aliyeifasiri kwa Kiingereza. Ruhumbika alikwenda mbali kweli, lakini moja ya kazi kubwa za maisha yake ni kuibeba Ukerewe na kuiweka mbele ya walimwengu.

Euphrase Kezilahabi ndiye ninayemtaka msomaji amtazame kwa utulivu. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi hapa Mwanza, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilichowakera wakubwa kiasi cha kuzuiwa shuleni. Kisha Kichwamaji. Kisha Kichomi, mashairi yaliyowasha moto wa malumbano kuhusu vina na mizani. Kisha Dunia Uwanja wa Fujo, na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Baada ya yote hayo ndipo alipokwenda Wisconsin, Marekani, akapata udaktari mwaka 1985. Mtu alitua kule akiwa na riwaya nne na diwani moja nyuma yake, akiwa amekwisha kugombana na wakosoaji wa nchi nzima. Nadharia alizozikuta alikuwa na mahali pa kuzitia, na pengine pa kuzikataa. Matokeo tunayo: Nagona na Mzingile, vitabu ambavyo Kiswahili hakijawahi kuwa na mfano wake. Sikatai kwamba Wisconsin ilichangia. Ninachosema ni kwamba ilichangia kwa sababu aliyefika pale alikuwa Kezilahabi. Wamepita wengi kwenye korido zilezile wasiandike hata barua kwa gazeti.

Hapa mpinzani wangu mwenye akili atanikumbusha ndege za Mboya. Kati ya mwaka 1959 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mamia ya vijana wa Kenya na majirani zake walipelekwa vyuo vya Marekani. Wengi walikuwa wabichi, wametoka sekondari moja kwa moja. Wangari Maathai alikuwa mmoja wao, akaenda Kansas mwaka 1960, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Je, hao walikuwa na kazi gani waliyoianza?

Hoja hiyo ni nzito na ninaiheshimu. Lakini itazameni hali yenyewe. Wakati ule Afrika Mashariki nzima ilikuwa na nafasi chache mno za elimu ya juu, Makerere na vyuo vichache vichanga, na mkoloni alikuwa anaondoka. Kazi ilikuwa imekwisha kuanzwa na taifa zima, na kila kijana aliyepanda ndege alijua kuna kiti kitupu kinachomngoja: cha mwalimu, cha mchumi, cha mhadhiri. Vijiji vilichanga fedha, na anayechangiwa na kijiji anajua anadaiwa na kijiji. Maathai alirudi, udaktari wake akaupata Nairobi, na miti aliyokuja kuipigania ilikuwa ya Kenya. Mtoto wetu wa leo anaondoka Mwanza yenye vyuo vikuu ndani ya jiji, hakuna kiti kinachomngoja, na anayemchangia ni baba yake peke yake. Kumwonyesha historia ya 1960 ili alipe ada ya leo ni ghilba.

Twende kwenye udaktari wa binadamu, maana huko ndiko fedha nyingi za wazazi wa Kanda ya Ziwa zinakoishia. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu 2003 ina chuo kikuu cha tiba juu ya kilima kilekile. Mwanafunzi wa pale akiingia raundi wodini asubuhi anakutana na mama kutoka kijijini anayeeleza, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, kwamba mtoto anakojoa damu. Anamwuliza wanaoga wapi, wanachota maji wapi, jirani zao wakoje. Kitanda cha pili yupo mwenye selimundu, ugonjwa unaozitesa familia za kanda hii kuliko sehemu nyingi za nchi. Cha tatu mtoto ana uvimbe wa taya. Daktari wake mkuu anamwuliza maswali mbele ya wenzake na akikosea anaaibika. Hivyo ndivyo udaktari unavyoingia mwilini.

Mwenzake aliyepelekwa mji ambao wagonjwa wake wanazungumza lugha asiyoielewa anafundishwa kwa Kiingereza darasani, halafu anasimama nyuma ya kundi wodini akimtazama mgonjwa asiyeweza kumwuliza hata "unaumwa wapi?" Miaka inapita. Anarudi akiwa amesoma kichocho kwenye ukurasa, na bado atapaswa kulithibitishia Baraza la Madaktari Tanganyika kwamba anafaa kupewa leseni. Nimewaona vijana wa namna hiyo, wenye akili na adabu, wakianza upya kujifunza kumhoji mgonjwa wakiwa watu wazima. Kosa si lao. Waliambiwa wanakwenda kwenye elimu bora, wakaamini.

Kama mwanafunzi yeyote duniani amefaidika kwa kusoma nje katika pwani hii ya ziwa, ni yule aliyekuja huku kutoka kwao. Nalisema hili kwa uchungu lakini bila kinyongo.

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza. Walikuja kuwachunguza furu, samaki wadogo ambao ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 zao. Frans Witte na wenzake walivua, wakapima, wakachora meno na mataya, aina kwa aina. Mmojawapo wa furu hao, dume lake likiwa na wekundu mgongoni na mistari myeusi ubavuni, walimpa jina la nyererei. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo miwili na zaidi kabla, akalipuka kwa wingi ghubani katika miaka ya 1980, na furu wakaanza kutoweka mbele ya macho yao. Wanafunzi wale walijikuta mashahidi wa moja ya misiba mikubwa ya viumbe hai iliyopata kuandikwa. Wakapata shahada za udaktari, makala na vitabu. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, alikiandika cha kwake na kikasomwa ulimwenguni kote.

Hawakuja Mwanza ili wafunguke macho. Walikuja na swali: iweje aina mamia ya samaki wa ukoo mmoja zitokee katika ziwa moja? Walijua hasa kifaa gani walete, nyavu zitupwe wapi, na nani kwao atayasoma majibu. Walijifunza Kiswahili kwa sababu kazi iliwalazimu kuzungumza na wavuvi.

Vivyo hivyo jaribio kubwa la Mwanza la mwaka 1991 hadi 1994, watafiti wa London wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa tiba ya NIMR na shirika la AMREF katika jamii 12 za mkoa huu. Lilionyesha kwamba kuyatibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya UKIMWI kwa takribani asilimia 40. Matokeo yalitoka mwaka 1995 na yakaingia kwenye masomo ya afya ya jamii ya dunia. Leo mtoto wa Magu anaweza kulipiwa mamilioni aende London akafundishwe kilichogunduliwa karibu na nyumbani kwao, naye arudi akidhani ni maarifa ya Kizungu.

Sasa niulize kuhusu China, kwa kuwa ndiko wengi wanakokwenda kusomea biashara. Shuka Kirumba, Mwaloni, au nenda kwa wanunuzi wa sangara. Utaona bondo likichomolewa tumboni mwa samaki, likioshwa, likinyooshwa, likianikwa hadi ligeuke gumu na lenye rangi ya asali. Kilo yake inauzwa kwa bei inayoiacha mbali minofu, na kadiri bondo lilivyo kubwa ndivyo bei ya kilo inavyopaa. Mnunuzi wa mwisho yuko China na Hong Kong. Katika maduka ya vyakula vikavu ya Sheung Wan mabondo yamepangwa kwa ukubwa na daraja kama vito. Mvuvi wa Ukara anayeingia majini usiku hajui linauzwaje huko, nani anapanga madaraja, kwa nini moja linakataliwa na jingine linagombewa. Hilo ni swali la thamani kubwa kwa maelfu ya familia.

Kijana wa Mwanza akisoma biashara Guangzhou miaka minne, saa chache tu kwa treni kutoka kwenye maduka hayo, akarudi bila kujua lolote kuhusu bondo, tumempeleka kufanya nini? Wahitimu niliowauliza walinitazama kwa mshangao. Hawakuwa wamewahi kufika Mwaloni hata kabla ya kuondoka. Wangetafuta nini kule, ikiwa hapa hawakuona kitu?

Nimeambiwa kwamba hata hivyo wanapata kujiamini, lugha na marafiki. Kujiamini gani? Kama ni kule kwa kuzungumza mbele ya watu, basi anayesimama kwenye mkutano wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, mwaloni akawaeleza wavuvi kwa nini nyavu haramu zinawaumiza wao wenyewe, akazomewa, akarudi wiki inayofuata, amepata zaidi. Marafiki wa nje ni jambo jema. Sioni kwa nini liuziwe ng'ombe. Lugha ni kweli, hasa Kichina, na anayeimudu ana mtaji. Ila wengi waliofundishwa kwa Kiingereza wanarudi na Kichina cha kununulia nauli ya basi.

Hoja ya ajira ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wapo waajiri wanaoona jina la mji wa Ulaya kwenye cheti wakaacha kusoma kilichobaki. Kasoro hiyo ni ya mwajiri. Tukiwashauri wazazi wafilisike ili kuikidhi, tunailea. Na vyeti vyenyewe havifanani: kuna vyuo vya nje ambavyo mwenyeji wa mji huohuo hampeleki mtoto wake. Mzazi aulize Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kabla hajauza chochote.

Mzazi mmoja alinijia mwaka jana na karatasi za wakala. "Mwalimu, nikupe ukweli, nimeshapata mnunuzi wa ng'ombe. Nisaidie tu kuchagua nchi." Nilimwuliza binti anakwenda kusoma nini. "Chochote watakachompa, ilimradi ni nje." Nilimwomba asubiri. Binti aingie chuo hapahapa, aifahamu kazi moja ya kanda hii mpaka imchoshe: dagaa wanaooza mvua ikinyesha kwa kukosa mahali pa kukaushia, magugu maji yanayoziba mialo, maji ya visima, hesabu za chama cha msingi cha pamba. Akifika mahali ambapo kitabu, maabara au mwalimu wa hapa hatoshi, hapo atajua mwenyewe anahitaji nchi gani, na pengine chuo cha huko ndicho kitakachomlipia.

Hivyo ndivyo ninavyotaka tuwapeleke watoto nje, na wapo ambao wangepaswa kuwa wameshaondoka jana. Furu waliokusanywa kabla sangara hajatawala wamehifadhiwa kwenye spiriti katika jumba la makumbusho la Leiden. Kuna aina ambazo huenda hazipo tena ziwani, zimebaki huko. Kijana wa Nyegezi aliyekwisha kuwahesabu furu waliosalia ghubani ana haki na sababu ya kwenda kuwalinganisha na wale, na apewe tiketi, ada na fedha ya koti la baridi. Wizara na balozi zinazotoa ufadhili ziweke kwenye fomu zao ukurasa mmoja wa kueleza kazi ambayo mwombaji ameianza nyumbani na ni nani anaingoja imalizike, kisha zimtume mtu Nyegezi, Kirumba au Nansio akathibitishe kwamba kazi hiyo ipo.